Kitalu Nyumba Kinachodumu: Mambo ya Kupima Kabla ya Kujenga

Mada iliyotolewa kwa wakazi wa Mwanga, Manispaa ya Kigoma/Ujiji



Nimepewa nafasi ya kuzungumza nanyi juu ya kilimo cha kitalu nyumba, yaani kilimo cha mboga ndani ya banda lililoezekwa kwa karatasi ya plastiki na kuzungushiwa wavu, ili mkulima aweze kutawala mvua, jua, maji na wadudu. Teknolojia hii si ngeni kwa vijana wetu, kwani Ofisi ya Waziri Mkuu imekwisha kuifundisha katika halmashauri nyingi nchini kwa njia ya programu ya taifa ya kukuza ujuzi. Sisi wakazi wa ufukweni tunayo sababu ya ziada ya kuitazama. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti mwaka 2024, shughuli za uvuvi zilisimamishwa katika Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane, na kila kaya inayoishi kwa dagaa na mgebuka ilitambua uzito wa kuwa na mlango mmoja tu wa riziki.

Hata hivyo, ndugu zangu, mlango wa pili ukijengwa vibaya huwa deni. Mmoja wenu akipita katika mikoa yetu hakosi kuona vitalu vilivyobaki mifupa: nguzo zimesimama, plastiki imechanika, ndani yameota magugu. Hivyo basi, sikuja kuwahimiza mjenge kesho. Nimekuja kuwaeleza mambo matano yanayotofautisha kitalu kinachodumu na kile kinachokufa msimu wa pili.

La kwanza ni hewa. Katika nchi za baridi kama Uholanzi, kitalu hujengwa ili kuhifadhi joto. Mji wetu uko kando ya ziwa lililo kwenye mwinuko wa mita 770 hivi kutoka usawa wa bahari, na joto tunalo mwaka mzima. Nyanya hustawi vema kati ya nyuzi joto 21 na 27. Joto la mchana likizidi 35, chavua huharibika na maua hupukutika bila kuzaa. Mtu anayefunga plastiki pande zote hapa Mwanga amejenga tanuri. Kitalu chetu kinatakiwa kiwe kirefu kwenda juu, kiwe na tundu la kutolea hewa ya moto darini, na kuta zake ziwe za wavu. Kazi ya paa ni kuzuia mvua, ambayo hutunyeshea kati ya Oktoba na Mei na kulowesha majani hadi bakajani ikaenea. Kazi ya wavu ni kuzuia wadudu, akiwemo yule nondo wa nyanya aitwaye kantangaze. Wavuvi hawahitaji kufundishwa kwamba wavu hupimwa kwa matundu yake: wavu wa mgebuka hauzuii dagaa, na wavu wa kuzuia ndege hauzuii nondo wala inzi weupe. Mlango nao uwe wa mara mbili, mmoja ufungwe kabla ya mwingine kufunguliwa.

La pili ni mwili wa kitalu. Nguzo za miti ni rahisi kwa bei, lakini mchwa wa huku kwetu hawana subira. Mti usiotiwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza usitumike. Mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki hugharimu zaidi na hudumu miaka mingi zaidi. Karatasi ya plastiki iwe ile iliyotengenezwa kuhimili mionzi ya jua, yenye unene wa mikroni 200. Plastiki ya kawaida ya dukani hukauka na kupasuka upesi. Hata hiyo iliyo bora huchoka baada ya miaka mitatu hadi mitano, na huanza kuchanika pale inapogusa chuma chenye joto au inapopigwa na upepo kwa kuwa haikukazwa. Kwa hiyo badiliko la plastiki si ajali, ni gharama inayojulikana tangu siku ya kwanza. Tuchukue mfano: ikiwa plastiki na wavu vitahitaji shilingi 1,200,000 baada ya miaka minne, kikundi kinapaswa kuweka akiba ya shilingi 25,000 kila mwezi. Kikundi kisichoweza kuweka akiba hiyo kimejenga kitalu cha miaka minne tu.

La tatu ni udongo. Wavu huzuia adui wa angani. Adui wa ardhini tayari yumo ndani. Mnyauko bakteria hukaa udongoni kwa miaka, na mmea ukishaugua hakuna dawa ya kuuponya. Ukiona mnyanya umenyauka ungali kijani, kata kipande cha shina, kitumbukize kwenye glasi ya maji safi. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikichuruzika kutoka kwenye kidonda, mnyauko bakteria ndio huo. Kabla ya kuchagua kiwanja, ulizeni kilipandwa nini miaka iliyopita. Nyanya, pilipili hoho, bilinganya na nyanya chungu ni wa ukoo mmoja na huugua pamoja, hivyo kubadilisha kimoja kwa kingine si kubadilisha zao. Badilisheni kwa matango, maharage au mchicha.

La nne ni maji. Kitalu cha mita 8 kwa 15 huchukua takriban miche 300 ya nyanya, na mche uliokomaa hunywa wastani wa lita moja na nusu kwa siku. Hizo ni lita 450 kila siku, jua liwake au mgao wa maji uwepo. Paa la ukubwa huo lina eneo la mita za mraba 120, na mvua ya milimita 10 hulimwagia lita 1,200. Wekeni mifereji na matangi, na mwagilieni kwa matone ili maji yafike kwenye mzizi bila kulowesha jani.

La tano ni soko. Wakati wa kiangazi, nyanya za mashamba ya wazi ni nyingi, na kitalu hakiwezi kushindana nazo kwa bei. Faida yake iko masika, wakati mvua imeharibu mashamba na Soko la Mwanga lina uhaba. Siheni mbegu Agosti, hamisheni miche Septemba, ili mavuno yaanze Desemba na kuendelea mvua zikinyesha. Kalenda hii ikikosewa, hata kitalu imara hakitalipa.

Juu ya mtaji, sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa mwaka 2024. Hatua ya kwanza ni kuonana na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yenu. Lakini mkopo usio na riba bado ni mkopo, na fedha isiyorejeshwa ni fedha iliyonyimwa kikundi kinachosubiri nyuma yenu. Nashauri kikundi kipya kianze na banda dogo la wavu lenye paa la plastiki, kilime msimu mmoja, kiweke daftari la kila shilingi iliyoingia na kutoka, kisha daftari hilo ndilo lipelekwe kuombea mkopo.

Ndugu wananchi, wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Fundi wa mtumbwi hapa ufukweni huchagua mbao, huziba kila ufa, kisha ndipo hushusha chombo majini. Kabla hamjatia saini hati yoyote ya mkopo, mwiteni Afisa Ugani aje kwenye kiwanja chenyewe, akague udongo, maji na upepo mbele ya wanakikundi wote. Huduma hiyo ni haki yenu.