Mazungumzo: Ukumbi wa Michezo na Fedha za Wananchi



Tarehe 12 Disemba, 2023, wakaazi wa mji wa Oklahoma City, Marekani, walipiga kura kuamua iwapo mji wao ujenge ukumbi mpya wa mpira wa kikapu katikati ya mji. Takriban asilimia 71 waliafiki. Gharama yake si chini ya dola milioni 900. Wamiliki wa timu wanachangia milioni 50; sehemu kubwa ya fedha zilizobaki itatokana na kodi ya mauzo ya senti moja katika kila dola, kwa muda wa miaka sita.

Walioafiki walihofia timu kuhama. Hofu hiyo ina msingi, kwani timu hiyo hiyo iliuhama mji wa Seattle mwaka 2008, baada ya wamiliki wake kukosa fedha za umma za kujengea ukumbi mpya. Hata hivyo Seattle haikuangamia; mwaka 2021 ukumbi wake wa zamani ulifunguliwa upya, umejengwa kwa fedha za watu binafsi.

Aidha, wachumi wengi waliochunguza kumbi hizo wameona kuwa faida haifikii fedha za umma zilizotumika. Anayetumia fedha zake ukumbini, mara nyingi angezitumia katika duka au mkahawa wa mji huo huo.

Hivyo basi, ukumbi ujengwe kwa ajili ya burudani na fahari ya wakaazi, si kwa tamaa ya utajiri. Na kabla ya kuwekwa jiwe la msingi, wananchi waelezwe nani atalipa, nani atamiliki, na timu ikiondoka mzigo utabaki kwa nani. Mali bila daftari hupotea bila habari.