BREKI ZILIZOLIWA NA CHUMVI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya madereva, mafundi na mataniboi, Garissa)



Huenda wengine mnaulizana: reli haifiki Garissa, basi watu wa reli wana neno gani hapa? Neno letu ni moja, nalo ni breki. Kwetu sisi treni haiondoki mpaka breki zake zijaribiwe. Hatungoji ikatae kusimama ndipo tutazame. Desturi hiyo twataka iingie katika gereji zenu.

Motokaa nyingi mnazoendesha zilifika Kenya zikiwa zimekwisha kutumika Japani, na nyingine Uingereza. Sheria yetu hukataa gari kuukuu lililozidi miaka 8. Lakini gari la miaka 7 laweza kuwa limepita majira 7 ya baridi. Mahali kama Hokkaido, kaskazini ya Japani, theluji hufunika barabara, na watu humwaga chumvi ili iyeyuke. Maji matupu huganda kwenye nyuzi 0. Maji yaliyokolea chumvi hayagandi mpaka karibu nyuzi 21 chini ya sifuri. Chumvi hiyo huzuia tairi zisiteleze, lakini hula chuma.

Bodi ya gari ina rangi ya kuikinga. Uso wa diski ya breki hauna, maana pedi husugua pale kila dereva akanyagapo. Tena diski ni chuma cha kusubu, ambacho hushika kutu upesi.

Kutu ni ya namna mbili. Ya kwanza ni ile nyekundu nyembamba inayoonekana asubuhi baada ya mvua. Ukifunga breki mara chache huondoka; msiiogope. Ya pili huchimba. Huacha mashimo usoni, na katika diski zenye nafasi ya hewa katikati huingia ndani na kula mbavu zinazoshika sahani mbili. Kwa nje diski yang'aa, na ndani imekwisha.

Mtu atasema, "Garissa ni jua na vumbi, kutu itoke wapi?" Ndugu, imekuja pamoja na gari. Jua letu huikausha tu, haliiponyi. Chumvi iliyojificha mashimoni yangoja maji, na maji twayajua. Mto Tana ulifurika Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024, hata barabara ya Madogo na Garissa ikakatika. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tena, barabara ya kutoka Mwingi kuja hapa ni ndefu na ina mahali pengi paliponyooka. Dereva huenda mwendo mrefu bila kugusa breki. Halafu ngamia anavuka. Wakati huo breki yatakiwa yote, na mara moja.

Basi twawaomba mfanye hivi:

1. Gari likinunuliwa, au kabla hujalipokea kwa kazi, tairi zitolewe. Tazameni pande zote mbili za diski, na kwa tochi katikati ya mbavu.

2. Pimeni unene mahali pedi inaposugua. Msipime ukingoni, kwa kuwa kutu hujenga ukingo mnene unaodanganya. Kipimo cha mwisho kwa kawaida kimechapwa kwenye diski yenyewe. Ikipungua hapo, itupwe.

3. Badilisheni diski ya kulia na ya kushoto pamoja, na pedi mpya.

4. Tazameni mabomba ya mafuta ya breki. Bomba la hewa la treni likipasuka, breki hujifunga zenyewe. Bomba la motokaa ndogo likitobolewa na kutu, mafuta humwagika na nguvu ya breki hupotea.

5. Kanyagio likitetemeka, gari likivuta upande mmoja, au gurudumu moja likiwa la moto kuliko mengine, simameni mkague.

Tajiri mwingine atasema diski ni ghali na safari haingoji. Jueni haki yenu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanya kazi amjulishe msimamizi wake hatari kubwa anayoiona. Nayo humkataza mwajiri kumrudisha kazini penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Andikeni taarifa, mtie tarehe, na nakala moja ije chamani. Dereva akisema peke yake ataitwa mkaidi. Tukisema sote, gari litatengenezwa.

Wengi husema ajali haina kinga. Iliyoandikwa kwenye diski kwa kutu ina kinga: ni fundi aliyeinama akatazama, na dereva aliyekataa kuondoka.

Umoja ni nguvu.