Nani Anampima Mtoto wa Lubaga?

 

Kilima hiki cha Lubaga, hapa Kampala, kilikuwa makao ya Kabaka Mutesa I, mfalme wa Buganda, kabla hakijawa makao ya kanisa. Mutesa alijifunza Kiarabu na Kiswahili kwa wafanyabiashara wa pwani, na Mapadre Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, walipofika Buganda mwaka 1879 walikuta baraza lililokwisha kuzoea kujadili mambo ya kitabu. Walioifuata dini mpya wakaitwa abasomi, wasomaji. Hivyo ndivyo shule ilivyoingia kwetu: ilikuja na imani, na ilikuja na namna mpya ya mtu kuheshimika. Tangu hapo mtoto wa hapa ana walezi wawili, nyumba na darasa, nao hawajakubaliana mtoto mwerevu ni yupi. Ninalosema jioni hii ni kwamba katika ubishi huo nyumba imenyamazishwa, na wanaoumia ni watoto.

Mwaka 1974 mwanasaikolojia Mallory Wober alichapisha utafiti kuhusu Waganda na jinsi wanavyoielewa akili. Aliwauliza watu ni sifa zipi zinazomfaa mtu mwenye akili. Wanakijiji walimwona kuwa mtu wa polepole, mwangalifu, asiyeyumbishwa. Waliosoma zaidi walielekea kwenye wepesi. Ni Waganda wale wale, lakini shule ilikuwa imepita katikati yao. Na kila upande una sababu zake. Mzee anayesuluhisha ugomvi wa kibanja, yaani wa shamba, akiharakisha neno lake atavunja ukoo; mtoto wa darasa la saba akitafakari sana, muda wa mtihani utamwishia maswali yakiwa bado. Mazingira hukuza akili ile yanayoihitaji.

Shida ni kwamba kipimo kimoja ndicho chenye cheti. Kila matokeo ya darasa la saba yanapotoka, magazeti hujaa picha za waliopata jumla ya 4, yaani alama ya juu kabisa katika masomo yote manne. Tena, tangu elimu ya msingi bila ada ilipoanza mwaka 1997, madarasa yamefurika. Mwalimu mwenye umati mbele yake hana nafasi ya kumsubiri anayefikiri polepole. Simlaumu mwalimu huyo. Lakini tusiuite ujinga utulivu ambao bibi alitumia miaka kuufundisha.

Maana nyumba hufundisha mapema sana. Philip na Janet Kilbride waliandika miaka ya 1970 jinsi Waganda wanavyomzoeza mtoto mchanga kuketi na kutabasamu, kwa kuwa anayeketi vizuri na kumpokea mgeni kwa uso mkunjufu tayari ni mtu miongoni mwa watu. Kabla yao, mwaka 1954 na 1955, mwanasaikolojia Mary Ainsworth alizitembelea familia 26 katika vijiji vya jirani na Kampala. Aliona mtoto akitambaa kwenda kuchungulia kitu kigeni, akirudi kumgusa mama, kisha akienda tena, mbali zaidi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967, na nadharia ya mshikamano wa mtoto na mlezi, iliyopata nguvu hapo, inafundishwa leo duniani kote. Wengi huitaja Baltimore, Marekani, alikoiendeleza, na kuwasahau akina mama wa Buganda waliomfungulia milango. Sisi tusiwasahau.

Kisha mtoto hukua akasikia “Kkoyi kkoyi!”, naye hujibu “Lya!”, kama wenzetu wa pwani wanavyosema “Kitendawili!” na kujibiwa “Tega!”. Hukaa pembeni ya omweso, bao letu lenye mashimo 32 na kete 64, akimtazama mjomba akihesabu mzunguko mzima kichwani kabla hajagusa kete. Hiyo ni hesabu, ni kumbukumbu, ni kubashiri nia ya mwingine. Mtihani hauioni.

Na si kwetu tu. Ng'ambo ya Ziwa Victoria, huko Usenge nchini Kenya, mwanasaikolojia Robert Sternberg na wenzake waligundua kwamba watoto wa Kijaluo waliojua zaidi dawa za mitishamba walifanya vibaya zaidi katika majaribio ya msamiati wa shuleni. Maarifa yao yalikuwa ya kweli, na yangeweza kuwaponya. Waliyapata nje ya darasa tu.

Sitaki kuipamba nyumba. Msichana anayepiga magoti kuamkia hujifunza heshima. Akifundishwa pia kwamba kuuliza ni utovu wa adabu, ameibiwa. Shule imewapa mabinti wengi sauti ambayo nyumba haikuwapa, na kwa hilo naishukuru.

Shule zetu zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022. Hasara ilikuwa kubwa. Hata hivyo, watoto wa mitaa ya Ndeeba na Nateete waliokuwa wakiuza nyanya na mama zao walirudi wakijua kukokotoa chenji, kubembeleza mteja, kulea wadogo zao. Tulipima walichosahau. Hatukuwauliza walichojifunza.

Lugha ya nyumbani nayo tumeinyamazisha. Mtaala wa mwaka 2007 unataka darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Hapa mjini tunajitetea kwamba watoto wamechanganyika, basi Kiingereza kishike. Nendeni uwanjani wakati wa mapumziko mkasikilize: mtoto wa Kiacholi na wa Kinyankole wanagombea mpira kwa Kiganda.

Walimu wakuu mliopo, nawaomba kwa dhati: wafundisheni hao wadogo kwa lugha wanayochezea, leteni omweso darasani, mwalikeni jjajja, bibi au babu, aje kutega vitendawili. Na wazazi, msimhamishe mtoto kwa sababu shule hiyo inamfundisha kwa Kiganda.