Mwalimu Asiachwe Peke Yake



Nchi yetu hii si changa katika elimu. Huko Minaki walimu walifundishwa tangu miaka ya 1920. Na Kibaha pana kituo kilichoanzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki. Lakini majengo hayafundishi. Mwalimu ndiye afundishaye. Tena, tangu ada ilipofutwa mwaka 2016, watoto walijaa darasani, naye husimama peke yake mbele yao.

Nalipoanza kazi, mwalimu mkuu mmoja alinikaripia mbele ya watoto kwa kosa la hesabu ubaoni. Tangu siku ile naliogopa kuuliza neno lolote, na walioumia ni watoto. Mkuu aliyemfuata aliketi dawati la nyuma, akanyamaza; jioni akaniambia mawili tu: moja jema, moja la kutengeneza. Huyo ndiye aliyenifanya mwalimu.

Basi, walimu wakuu, ingieni madarasani kwa namna hiyo. Walimu, kutaneni kila juma, kila mmoja alete somo lililomshinda. Nanyi wazazi, ulizeni kabla ya kulaumu. Kidole kimoja hakivunji chawa.