Mtoto Akichelewa Kusema, Mzazi Asichelewe Kuuliza

Mazungumzo haya yalitolewa na afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya wazazi na walezi wa watoto wa chekechea mjini Voi, wakati wa Wiki ya Malezi Bora. Tunayachapisha kwa sababu wazazi wengi waliomba nakala.



Wengi wenu mnanijua kwa kipaza sauti. Mimi ndiye huwatangazia mkutano wa bajeti utafanyika wapi, chanjo inaanza lini na barabara gani imefungwa. Leo sikuleta tangazo. Nimekuja kama baba, nizungumze habari ya nyumbani kwangu. Mke wangu amenipa ruhusa, ila ameniambia nisijipendelee.

Kijana wetu wa pili alipofika umri wa mwaka mmoja na nusu alikuwa na maneno mawili. La kwanza lilikuwa "mama". La pili lilikuwa "duu", maana yake pikipiki. Alikuwa mchangamfu, anakimbia, anapanda viti, anacheka. Akitaka kitu anakushika mkono na kukuvuta mpaka kilipo. Mke wangu aliona kuna jambo. Akaniambia, "Baba, huyu mtoto ukimwita akiwa amekupa mgongo, hageuki." Nikamjibu kwamba anacheza tu, amezama kwenye mchezo.

Siku ya chanjo ya pili ya surua na rubela, ile ya miezi 18, alimuuliza mhudumu wa kituo tulichokwenda. Akajibiwa kwamba wavulana huchelewa, asubiri mpaka afike miaka mitatu. Aliporudi na jibu hilo nilifurahi, kwa sababu lilikuwa jibu nililolitaka. Mama yangu naye alikuwa amenihakikishia kwamba hata mimi nilichelewa kusema, na leo nalipwa mshahara kwa kusema. Tukanyamaza miezi minane.

Katika miezi hiyo minane nilikaa ofisini nikaandika tangazo la kuwahimiza wazazi wapeleke watoto wakapimwe masikio. Nililiandika vizuri, likasomwa redioni. Mtoto wangu mwenyewe sikumpeleka. Aliyempeleka ni mke wangu, peke yake, kwa matatu, siku niliyokuwa kwenye mkutano na wanahabari.

Vipimo vilionyesha kwamba nyuma ya ngoma za masikio yote mawili kulikuwa na maji mazito. Daktari alieleza kwamba maji hayo mara nyingi hubaki baada ya mafua ya mara kwa mara. Mtoto haumwi, hana homa, na sikio halitoi usaha. Anasikia, lakini anasikia kama mtu aliyezama kwenye pipa la maji: sauti ipo, maneno hayaeleweki. Sasa niambieni, mtoto atalisemaje neno ambalo hajawahi kulisikia likiwa kamili?

Wazazi wenzangu, sisi husema subira huvuta heri, na ni kweli. Lakini kuna subira, na kuna kukaa tu. Mimi nilikuwa nimekaa tu.

Dalili za kuangalia

Watoto hawalingani, na tofauti ya miezi michache ni jambo la kawaida. Hata hivyo kuna alama ambazo zikikosekana hatufai kungoja. Mtoto wa miezi 12 anafaa kuwa anabwabwaja, yaani "bababa, dadada", anageuka akiitwa jina lake, na anaonyesha ishara kama kupunga mkono au kunyoosha mikono abebwe. Mtoto wa miezi 18 anafaa kuwa na maneno kadhaa na awe anaonyesha kwa kidole kitu anachotaka mkione pamoja. Akifika miaka miwili anafaa kuunganisha maneno mawili: "mama njoo", "maji kwisha".

Kisha kuna dalili moja isiyo na umri. Mtoto aliyekuwa na maneno akayapoteza, au aliyekuwa akikutazama usoni akaacha, apelekwe wiki hiyo hiyo. Huenda ni usonji, huenda ni masikio, huenda ni jambo lingine. Kazi yako si kujua ni lipi. Kazi yako ni kumfikisha kwa anayejua.

Kile kijitabu cha afya ya mama na mtoto mnachopewa kliniki kina ukurasa wa hatua za ukuaji. Wengi wetu hufungua ukurasa wa chanjo na wa uzani pekee. Leo mkifika nyumbani mfungue na ule mwingine. Na tafadhali msiache kwenda kliniki baada ya sindano ya miezi 9. Mtoto huendelea kufuatiliwa mpaka afike miaka mitano, na siku ya kupewa vitamini A ni siku nzuri ya kuuliza kuhusu usemi wake.

Mambo tunayoambiwa mtaani

Jambo la kwanza ni lugha nyingi. Nyumbani kwetu mimi ni Mtaita, mke wangu ni Mkamba, na majirani wanazungumza Kiswahili. Tuliambiwa tumemchanganya mtoto, tuchague lugha moja. Mtaalamu wa usemi alitutuliza. Lugha mbili au tatu hazimcheleweshi mtoto. Ukihesabu maneno yake, hesabu ya lugha zote. Akisema "maji" kwa Kiswahili na "manzi" kwa Kikamba, hayo ni maneno mawili. Zungumza naye lugha unayoimudu vyema, ile unayotania nayo na kumbembelezea.

Jambo la pili nitalisema kwa heshima, kwa sababu nyanya zetu wametulea. Kuna wanaoshauri mtoto akatwe kimio, wengine wanakiita kilimi. Kumkata mtoto kimio hakumletei maneno. Kunaweza kumletea kuvuja damu na maambukizi ya kuhatarisha maisha. Na ule uzi ulio chini ya ulimi, kama unaonekana mfupi, daktari auangalie; unaweza kusumbua kunyonya au kutamka baadhi ya sauti, lakini mtoto asiye na maneno kabisa ana sababu nyingine inayofaa kutafutwa. Shangazi wa mtoto alipoleta wazo hilo hatukumgombeza. Tulimwomba aje nasi hospitalini amsikilize daktari. Alikuja, akasikiliza, na sasa yeye ndiye anayewaeleza wengine kijijini.

Jambo la tatu ni simu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilishauri mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikiwa kidogo zaidi ni bora. Simu haikuyajaza masikio ya mwanangu maji. Lakini kila nilipompa simu ili niandike kazi zangu, nilimnyima mtu wa kuzungumza naye.

Tulichofundishwa kufanya nyumbani

Wataalamu wa usemi nchini ni wachache, na nauli si rahisi. Kwa hivyo sehemu kubwa ya kazi hufanywa na sisi wenyewe jikoni, uani na njiani kwenda dukani. Haya ndiyo tuliyofundishwa.

Chuchumaa, uso wako uwe sawa na uso wake, kisha useme. Sema kuhusu kile anachokitazama yeye, usimhamishie chako. Akitazama kuku, sema "kuku". Akisema "kuku", ongeza neno moja: "kuku anakula". Usirundike sentensi ndefu.

Ukishasema, nyamaza. Hesabu kimoyomoyo mpaka tano. Hili kwangu lilikuwa gumu kuliko yote, kwa sababu kazini kimya huwa hasara. Lakini mtoto anahitaji nafasi ya kutafuta neno, na sisi huwa tunamkatiza kabla hajalipata.

Mpe uchague. "Unataka ndizi au chungwa?" Akionyesha kwa kidole, mpe, na useme "ndizi" unapompa. Usimnyime chakula mpaka atamke. Usimwekee wageni onyesho la "sema shikamoo, sema!" Mwanangu alikuwa akijificha nyuma ya mlango kila mgeni akija, na ni mimi niliyemfundisha kujificha.

Ishara za mikono msizikataze. Mtoto anayeonyesha kwa mkono tayari anazungumza, na ishara hazizibi njia ya maneno. Hata hivyo, watoto wengine watahitaji vifaa vya kusikia, au Lugha ya Ishara ya Kenya. Katiba yetu inaitambua lugha hiyo katika kifungu cha 7, na mtoto anayeizungumza hana upungufu wowote wa lugha.

Mahali pa kuanzia

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, uwe Taveta, Wundanyi, Mwatate au hapa Voi. Sema wazi: "Nataka mtoto wangu apimwe kusikia." Ukiambiwa usubiri, uliza kwa upole usubiri mpaka tarehe gani, na uandikiwe kijitabuni. Kama wasiwasi haukuishi, omba barua ya kukutuma hospitali kubwa. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako anaweza kukuelekeza.

Kwa watoto wanaokaribia umri wa kuingia PP1, viko pia vituo vya tathmini ya elimu ambavyo vilianzishwa nchini mwaka 1984. Mwalimu wa chekechea atakueleza kilicho karibu. Tathmini haimaanishi mtoto atatengwa. Mara nyingi humaanisha mwalimu ataambiwa amketishe mbele na amtazame usoni anapozungumza.

Na kina baba, neno moja kwetu. Nendeni. Mama anapokwenda peke yake, ndiye anayerudi peke yake kubeba lawama: alikula nini akiwa na mimba, alimwachia nani mtoto. Mke wangu aliulizwa yote hayo. Mimi sikuulizwa hata moja.

Mmetaka kujua kijana yuko wapi sasa. Tulifuatilia miezi mitatu, kwa kuwa kwa watoto wengi maji hayo huisha yenyewe. Yake hayakuisha, ikabidi awekewe vijibomba vidogo masikioni. Jioni chache baadaye treni ya Mombasa ilipita ikapiga honi. Alisimama katikati ya chumba, akatutazama, akauliza kwa mikono: nini hicho? Tulikuwa tumeisikia treni hiyo kila siku. Yeye alikuwa ndiyo kwanza aisikie.

Leo anakaribia miaka minne. Bado yuko nyuma ya wenzake. Majirani hawamwelewi kila anachosema, na dada yake ndiye mkalimani wetu. Siwezi kuwaahidi kwamba ataingia PP1 akizungumza kama wengine. Lakini asubuhi ya leo nilipokuwa nikivaa viatu nije hapa, alisimama mlangoni akaniambia, "Baba enda duu?" Baba anakwenda na pikipiki? Maneno matatu. Nilichuchumaa, nikamjibu, "Ndiyo, baba anaenda na pikipiki," kisha nikanyamaza, nikahesabu mpaka tano.

Akasema, "Mimi pia."

Ndiyo sababu nilichelewa kidogo kufika. Mnisamehe.