Baridi na Mpanda Pikipiki

Nataka kusema nanyi juu ya wale wapandao pikipiki kutoka Mombasa hadi Limuru wakati wa kipupwe, hasa mwezi wa Julai.

Mombasa iko kando ya bahari. Limuru iko juu yake zaidi ya meta 2,000. Kwa kila meta 1,000 tupandazo, joto hupungua kiasi cha digrii 6. Basi aliyeondoka pwani na shati moja hukuta ukungu na manyunyu huko juu.

Tena mwendo wenyewe huzidisha baridi. Hewa ikiwa na digrii 10, nawe waenda kilometa 60 kwa saa, ngozi huona kama digrii 5. Vidole hufa ganzi, na mkono uliokufa ganzi huchelewa kushika breki. Hapo ndipo roho za watu hupotea.

Kwa hiyo chukueni glavu na koti lisilopitisha upepo, mvivae kabla hamjaanza kutetemeka. Asiye na koti kama hilo na atie magazeti kifuani, chini ya nguo. Nayo huzuia upepo. Nanyi mchukuao abiria, kumbukeni kuwa naye aona baridi.

Vidole vikifa ganzi, simameni mnywe chai ya moto. Kuchelewa si kupotea.