Daktari Ajue Dawa Unayomeza



Leo tunazungumza juu ya kidonge kiitwacho warfarini. Wengi hukiita dawa ya kulainisha damu. Siyo sahihi sana, maana damu haigeuki maji. Inachelewa tu kuganda. Hupewa watu waliowekewa vali ya chuma moyoni, au waliopata donge la damu mguuni au mapafuni. Mtu huyo akiiacha bila kuambiwa na daktari, donge laweza kumwua. Basi siyo dawa mbaya hata kidogo.

Wafugaji, sikilizeni asili yake. Miaka ya 1920 huko Kanada na kaskazini ya Marekani, ng'ombe walianza kufa kwa kutokwa damu. Hata aliyekatwa pembe tu, damu haikukoma. Kumbe walikula majani ya malisho yaliyovunda. Mwaka 1933 mfugaji mmoja wa Wisconsin alimpelekea mtaalamu Karl Link ng'ombe aliyekufa pamoja na damu isiyoganda. Uchunguzi ulioanzia hapo ndio uliozaa warfarini. Mwaka 1948 ilianza kuuzwa kuwa sumu ya panya, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa watu. Ndiyo sababu mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara. Kikizidi kipimo, ni hatari.

Sasa tuje kwenye kichwa. Mguu ukivuja damu tunaona, tunafunga kitambaa. Lakini fuvu ni mfupa, halitanuki. Damu ikivujia ndani hukandamiza ubongo. Mtu aweza kuanguka asubuhi, akala, akacheka, na jioni akaanza kutapika, kusinzia au kupooza upande mmoja. Pengine daktari hulazimika kufungua fuvu aitoe damu ile. Je, kama damu haigandi? Kila anapokata panavuja, na ubongo haubanwi kama mguu.

Kwa upasuaji wa kupangwa, dawa husimamishwa kama siku 5 kabla. Ajali haingoji siku 5. Hapo daktari hutumia vitamini K, nayo huchukua masaa kadhaa. Huongeza maji ya damu ya watu waliojitolea, au dawa maalumu ya kugandisha inayofanya kazi upesi, pale inapopatikana. Lakini atayafanya hayo mapema akijua.

Tunamkumbuka mzee mmoja wa darasa letu aliyeteleza kisimani. Vijana wake walimfikisha hospitali hajitambui. Wakaulizwa, "Baba anatumia dawa gani?" Wakajibu, "Vidonge vya moyo." Vya moyo viko vingi! Kadi ilikuwa sandukuni, imechanganyika na stakabadhi za pamba. Mjukuu akarudi nyumbani kwa baiskeli. Bibi, naye mwanakisomo, ndiye aliyeichambua ile kadi akasoma jina la dawa. Mzee alipasuliwa akapona, ila mkono wa kushoto hauna nguvu mpaka leo. Hatuwezi kusema ni kwa sababu ya yale masaa. Bibi mwenyewe anauliza, nasi hatuna jibu.

Basi kalamu mnazo. Andikeni jina la dawa, kiasi, na saa ya kumeza. Aspirini nayo muiandike, maana nayo huzuia damu kuganda. Kina mama, pindo la khanga linatosha. Kina baba, mfuko wa shati. Na walio nyumbani waambiwe karatasi iko wapi.

Haya, karibuni maswali.